Kompyuta Kuukuu ya Msikiti: Tubadili Prosesa au Tuanzie Kwingine?

Siku hizi ni nadra kuukuta msikiti wa mjini, au hata wa kijijini wenye madrasa kubwa, usiokuwa na kompyuta mpakato iliyofungiwa katika kabati la kamati. Daftari la michango limehamia humo. Orodha ya wanafunzi wa madrasa imo humo, na barua za kwenda Bakwata wilaya na za wadhamini kwenda RITA huandikwa humo. Dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, vijana waliomaliza kidato cha sita hupanga foleni mlangoni mwa ofisi, kwa kuwa maombi ya Bodi ya Mikopo hufanywa kwa mtandao na si kila nyumba ina kifaa cha kuyafanyia.

Kompyuta zenyewe, kwa sehemu kubwa, si mpya. Ni zile zilizotumika katika maofisi ya Ulaya, Marekani na Ghuba, zikastaafishwa huko, zikaja kwa makontena hadi Dar es Salaam, zikauzwa Kariakoo, kisha zikapanda basi hadi Mombo na kuzikwea zile kona za takribani kilomita 33 kupitia Soni mpaka hapa Lushoto. Majina yake yamekuwa maarufu kwa mafundi wetu: ThinkPad T420, Latitude E6420, EliteBook 8460p. Zote tatu ni za mwaka 2011. Ni mashine imara, zimeundwa kwa watu wa kazi, na ndiyo maana zimefika hadi kwetu zikiwa hai. Ila zimechoka. Mtu huiwasha, akaenda kutia udhu, akarudi, na bado duara linazunguka kwenye kioo.

Hapo ndipo linapozaliwa pendekezo ambalo nimelisikia katika kamati yetu, na nimeulizwa na makatibu wa misikiti mingine kutoka Mlalo hadi Bumbuli: tubadilishe prosesa. Tuitoe i5, tutie i7, mashine itakuwa kama mpya. Vijana hulisema kwa uhakika, wazee huitikia kwa kuwaamini vijana, na mweka hazina huanza kuhesabu noti.

Fedha yenyewe si ya mtu. Ndani yake imo ya mama aliyeshuka alfajiri na kikapu cha plamu kichwani, akauza sokoni, akapita msikitini akatoa sehemu kwa ajili ya madrasa ya watoto. Kabla ya kumkabidhi fundi fedha kama hiyo, inatupasa tujue tunanunua nini. Nimelifuatilia suala hili kwa mafundi na kwa kusoma maelezo ya watengenezaji, na haya ndiyo niliyoyapata. Naona yanawafaa pia wazazi ambao mtoto wao aliyeko chuoni amepiga simu kuomba fedha ya jambo hilihili.

Tuanze na kazi ya prosesa. Fikiria shughuli ya walima. Prosesa ni mpishi mkuu: hakuna chakula kinachofika kwa wageni bila kupita mikononi mwake. Kumbukumbu ya muda, ile inayoitwa RAM, ni meza anayopangia vitu vyake. Diski ni ghala. Mpishi anaweza kuwa hodari kupindukia, lakini ikiwa meza yake inatosha sahani mbili tu, na ghala liko bondeni, na kijana anayetumwa vitunguu anapanda mlima kwa mguu, basi wageni watakaa na njaa. Ukimfukuza mpishi huyo ukaajiri mwingine mwepesi zaidi, umepata mpishi mwepesi anayesubiri vitunguu.

Ndivyo zilivyo nyingi za kompyuta hizi. Diski zilizokuja nazo ni za sahani inayozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na sindano inayosogea kutafuta habari. Kila inapotafuta kipande kimoja hutumia takribani sehemu moja ya mia ya sekunde. Ni muda mdogo kwetu, ila kuwasha mashine na kufungua programu kunahitaji vipande maelfu kwa maelfu vilivyotawanyika huku na huko. Diski ya kisasa isiyozunguka, ile ya SSD, haina sindano wala sahani, na kipande hicho hukipata chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hata katika kusoma faili moja kubwa mfululizo, ile ya zamani huenda kwa takribani megabaiti 100 kwa sekunde, na SSD katika mashine hizo hizo hukaribia 500. Tofauti hiyo huonekana kwa macho, na mtu asiyejua kompyuta kabisa ataitambua siku ya kwanza.

Turudi kwa prosesa, kwa kuwa ndiyo iliyoulizwa. Je, inabadilika? Jibu linategemea umri wa mashine na herufi iliyo mwishoni mwa jina la prosesa yenyewe. Kompyuta mpakato za Intel za kizazi cha pili, cha tatu na baadhi za kizazi cha nne zilikuwa na soketi: unalegeza skrubu moja, prosesa inatoka, nyingine inaingia. Ukiona jina limeishia kwa M au QM, na katika kizazi cha nne M au MQ, kuna matumaini. Ukiona U, Y au HQ, basi prosesa imeungwa kwenye bodi kuu kwa lehemu na haichomoki kwa bisibisi. Kuanzia kizazi cha tano, kilichoenea mwaka 2015, Intel haikutoa tena prosesa ya soketi kwa kompyuta mpakato. Kwa hiyo yule ndugu aliyenunua mashine nyembamba ya mwaka 2016 na anafikiria kubadili prosesa, swali lake limekwisha kabla halijaanza. Kuitoa kunahitaji mashine maalumu ya joto, na kwa gharama hiyo hununui prosesa, unanunua bahati nasibu.

Kizazi ni cha kutazamwa kwa makini. Namba ya kwanza baada ya i5 au i7 ndiyo inayokitaja: i5-2520M ni kizazi cha pili, i5-3320M ni cha tatu. Soketi ya vizazi hivyo viwili inafanana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mtu huagiza prosesa ya kizazi cha tatu kwa ajili ya T420, inaingia vizuri kabisa, kisha mashine inakataa kuwaka, kwa sababu BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine, haiitambui. Soketi kukubali si kibali tosha.

Sasa tuchukue mfano halisi. T420 nyingi zilizofika kwetu zina i5-2520M. Pendekezo la kawaida ni kutia i7-2640M, ambayo BIOS yake inaitambua. Sikiliza takwimu: zote mbili zina viini viwili, na zote hubeba nyuzi nne za kazi kwa wakati mmoja. Ya kwanza huenda kwa gigahetzi 2.5 na kupanda hadi 3.2 inapojikaza. Ya pili huenda kwa 2.8 na kupanda hadi 3.5. Ghala dogo la ndani ni megabaiti 3 kwa moja na 4 kwa nyingine. Hiyo ndiyo tofauti yote iliyojificha nyuma ya jina i7: takribani sehemu moja ya kumi. Kazi iliyochukua sekunde kumi itachukua tisa. Katika kuandika barua, kujaza jedwali la michango au kumsikilizisha mtoto Juzuu Amma, hakuna atakayeiona.

Watu wengi hudhani i7 ni daraja la juu popote ilipo, kama vile darasa la saba lilivyo juu ya la tano. Sivyo. i7 ya mwaka 2011 yenye viini viwili huachwa mbali na i5 ya kawaida ya mwaka 2018. Jina linashindanisha ndugu wa tumbo moja tu.

Ama zile i7 za viini vinne za kizazi hicho, kama i7-2720QM, hizo zina nguvu ya kweli. Lakini zinatoa joto la wati 45, ilhali mfumo wa kupoza wa mashine nyingi hizi uliundwa kwa prosesa ya wati 35. Wapo waliozitia na zikafanya kazi. Hata hivyo feni hulia mchana kutwa, betri huisha upesi, na joto likizidi mashine hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Unakuwa umenunua farasi na kumfunga miguu.

Sasa kuna jambo ambalo kila kamati inaweza kulifanya bila kutoa hata shilingi, nalo ni kuiuliza mashine yenyewe inaumwa wapi. Katika Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, na kama dirisha lililofunguka ni dogo, ombeni maelezo zaidi. Mtaona safu za prosesa, kumbukumbu na diski, kila moja na asilimia yake. Iacheni wazi mkifanya kazi zenu za kila siku kwa muda wa nusu saa, kisha angalieni ni safu ipi inayogota kwenye mia. Ikiwa diski iko asilimia 100 na prosesa iko 15, mpishi anasubiri vitunguu. Ikiwa kumbukumbu iko 95, meza imejaa. Prosesa ikigota mia peke yake kwa muda mrefu, na wenzake wametulia, hapo ndipo mjadala wa kuibadilisha una haki ya kuanza. Katika mashine sita za misikiti na madrasa nilizoziangalia kwa njia hii mwaka uliopita, tano zilikuwa zimebanwa na diski.

Ya sita ilinifunza kitu. Diski yake ilikuwa nzima na kumbukumbu ilitosha, ila prosesa ilikuwa ikitambaa kwa gigahetzi chini ya moja, kama mtu anayetembea na jiwe mgongoni. Chanzo kilikuwa chaja. Baadhi ya kompyuta, na za Dell zinajulikana kwa hilo, huitambua chaja kwa alama inayopita katika waya wake. Zikipewa chaja ya kuiga isiyo na alama hiyo, au yenye wati pungufu, huonya wakati wa kuwaka, hukataa kuijaza betri, na huishusha prosesa kwenye mwendo wa chini kabisa. Walioitumia walikuwa wakilibonyeza lile onyo kila asubuhi ili lipite. Ilipopatikana chaja inayostahiki, mashine iliamka siku hiyohiyo. Fundi mmoja alikuwa tayari ameshawashauri wabadilishe prosesa.

Na hapa kwetu milimani kuna maradhi mengine. Vumbi jekundu la kiangazi, moshi wa kuni kwa ofisi zilizo karibu na jiko la madrasa, na unyevu wa ukungu wa Juni na Julai unaoingia hadi ndani ya kabati. Vumbi na unyevu vikikutana kwenye mapezi ya feni hufanya blanketi. Ile dawa ya kupozea iliyopakwa kati ya prosesa na bomba la joto hukauka baada ya miaka kadhaa ikawa kama chaki. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi, na mwenye nayo hudhani imezeeka. Kumbe ni kiasi cha kufunguliwa, kupigwa brashi, kupakwa dawa mpya na kufungwa. Tena fundi anayetaka kubadili prosesa ni lazima aifanye kazi hiyohiyo njiani, na mara nyingi sifa za usafi huenda kwa prosesa mpya.

Basi mpangilio niliouona una mantiki ni huu: kwanza usafi na chaja sahihi, kisha diski ya SSD, kisha kumbukumbu hadi gigabaiti 8, na baada ya hapo ndipo mtu akae chini ajiulize kama bado ana shida. Wengi hawafiki hapo. Diski na kumbukumbu zina sifa nyingine ambayo mweka hazina aielewe: mashine ikifa kesho, vitu hivyo huchomolewa, na SSD hiyo huenda ikaingia katika nyingine. Prosesa ya soketi ya mwaka 2011 huzikwa na mashine yake.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuchukulie fundi ametaka shilingi 150,000 kwa prosesa ya mtumba na kazi yake, na mashine kama hiyo yenyewe, ikiwa nzima na ina SSD, inauzwa 350,000. Mmetumia karibu nusu ya bei ya mashine nyingine ili kupata sehemu moja ya kumi ya kasi. Bei hubadilika, ila uwiano huo muuweke mezani kabla ya kupiga kura. Na mtumba wa prosesa hauna dhamana. Pini zake haziwezi kukaguliwa kwa macho ya haraka, na muuzaji wa Kariakoo hatapanda Usambara kuja kuangalia kwa nini haiwaki.

Kuna hoja ya programu, ambayo kwa sasa ina uzito kuliko zote. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa watumiaji binafsi unaofika Oktoba 2026, kisha basi. Mashine haitazimika, bali itaachwa bila kinga mpya dhidi ya virusi na wezi wa mtandaoni. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache za kizazi cha 7, pamoja na kile kifaa cha usalama kinachoitwa TPM cha toleo la 2.0. Nasi tumesema kuwa prosesa ya mwisho ya soketi ni ya kizazi cha 4. Maana yake ni kwamba hakuna prosesa yoyote duniani mnayoweza kuitia katika T420 yenu ikaifikisha Windows 11 kwa njia ya halali ya mtengenezaji. Wapo mafundi wanaoilazimisha ikaingia, na inawaka, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuipelekea masasisho. Aliyetaka prosesa mpya kwa sababu hiyo, sababu imemtoka.

Njia iliyobaki kwa mashine kuukuu ni Linux, mfumo usiolipiwa, kama vile Ubuntu au Linux Mint. Nimekuta hofu juu yake, kana kwamba ni kitu cha wataalamu tu. Wasomaji wa rika langu huenda wamesahau kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo kwa Kiswahili, ikitokana na jamaa hii hii ya programu huria. LibreOffice ya leo ni kizazi cha OpenOffice hiyo. Hufungua barua na majedwali ya Microsoft, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kuteleza kidogo, na ombi la mkopo la mwanafunzi hujazwa kwa kivinjari kilekile. Kuna adabu moja tu: mkiamua kuhamia huko, mmoja wenu ajifunze kwanza na awe tayari kuwafundisha wengine, la sivyo mashine itarudi kabatini.

Nisieleweke kuwa kubadili prosesa ni upuuzi. Lipo linalostahili. Kuna kompyuta za kipindi hichohicho zilizouzwa kwa bei ya chini zikiwa na Celeron yenye viini viwili, nyuzi mbili, isiyojua kujikaza. Mashine kama hiyo, ikiwa ina soketi na BIOS yake inaitambua i5 ya kizazi kilekile, huinuka kwa kiwango kinachohisika, na joto la wati 35 ni lile lile. Aidha ustadhi anayehariri video za darsa, akiwa tayari ana SSD na kumbukumbu ya kutosha, na ile safu ya prosesa inagota mia kila anapotoa kanda, huyo ana hoja. Na pengine mna mashine nyingine ya aina ileile iliyovunjika kioo, prosesa yake ni bora na haina gharama. Hapo kazi ya fundi peke yake haimwumizi mtu. Akiwa fundi aliyewahi kuifanya, lakini. Mwulizeni ameshafungua ngapi za aina hii, naye fundi wa kweli hakasiriki kuulizwa.

Kwa mzazi jambo ni jepesi zaidi kwa kuwa fedha ni yake. Kijana akisema kompyuta ni nzito, mwambie akupigie picha ya lile dirisha la asilimia. Mwenye ukweli ataituma jioni hiyohiyo.

Kwa msikiti kuna hukumu za kuzingatiwa. Katika Minhaj at-Talibin ya Imam an-Nawawi, kitabu kinachojulikana kwa wanafunzi wa fiqhi ya Kishafii katika Afrika Mashariki, limo suala la majamvi ya msikiti yaliyochakaa na magogo yake yaliyovunjika, na rai iliyopewa nguvu ni kwamba yafaa kuuzwa pale yanapokuwa hayafai tena ila kuchomwa. Waliokisherehesha kitabu hicho wakatofautisha: hilo ni kwa kilichowekwa waqfu chenyewe. Kilichonunuliwa na msimamizi kwa fedha za msikiti, au kilichotolewa zawadi kwa msikiti bila kuwekwa waqfu, mlango wake ni mpana zaidi, huuzwa maslahi yakihitaji. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati lisiwe la kasi. Liwe hili: kompyuta hii ilikujaje? Aliyeitoa alitamka waqfu, au alitoa tu? Na mchango uliokusanywa, uliombwa kwa jina gani? Waumini wakiambiwa Ijumaa kwamba wanachangia kompyuta ya madrasa, haijuzu fedha hiyo kugeuka kuwa kipaza sauti kwa sababu kamati imebadili mawazo. Warejeeni masheikh wenu kwa hali yenu mahususi. Mimi ni katibu, si mufti.

Vilevile kinachotolewa ndani ya mashine ni mali ya msikiti. Ni desturi ya vibanda vingi kwamba kipande cha zamani hubaki kwa fundi, na mteja hata haulizi. Prosesa ya zamani, kumbukumbu ya zamani, hata skrubu, viandikwe katika stakabadhi na virudi. Mkitaka kumwachia fundi iwe ni kwa makubaliano na kupunguza bei.

Diski ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyote. Humo yamo majina ya wanaopokea zaka, wajane na mayatima na kiasi walichopewa. Humo zimo kumbukumbu za suluhu za ndoa, nani alilalamika kwa nani na kwa nini. Mtu aliyekuja kwa sheikh usiku ili asionekane, siri yake imeandikwa humo kwa tarehe. Kufuta faili hakuifuti habari hiyo, na kufomati kwa haraka pia hakuifuti: kijana mwenye programu ya bure anaweza kuirudisha yote. Diski inayozunguka iandikwe upya yote kwa sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ya saa kadhaa, au sahani zake zivunjwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo imeweka wajibu kwa wanaokusanya habari za watu, ingawa sisi tulikuwa na jina la wajibu huo kabla ya Bunge, nalo ni amana.

Katika kamati yetu majadiliano yalichukua vikao viwili. Kijana aliyependekeza i7 ndiye aliyeombwa kuchukua vipimo, na ni yeye aliyerudi na karatasi: diski asilimia 100, kumbukumbu 91, prosesa 22. Mzee wetu mweka hazina, ambaye hana habari na gigahetzi lakini ameuza mbao miaka mingi, aliuliza swali moja tu, kama msumeno mpya unakata kwa kasi gani ikiwa gogo halijafika. Ikakubaliwa mashine isafishwe, iwekwe SSD ya gigabaiti 240, na kumbukumbu ipandishwe kutoka 4 hadi 8. Nakala ya kila kitu ilichukuliwa kwanza, ikahifadhiwa nje ya ofisi. Mfumo wa Windows 10 umebaki kwa sasa upande mmoja wa diski, na Linux Mint upande wa pili. Ustadhi wa madrasa ameanza kuuzoea huo wa pili kwa kuandikia ratiba.

Prosesa ni ileile i5 iliyokuja nayo. Diski ya zamani iko katika sanduku la fedha la mweka hazina, ikisubiri siku ya kuandikwa sifuri mbele ya wajumbe wawili. Kilichobaki ni betri: iliyopo hudumu dakika kumi, na umeme unapokatika jioni ya mvua mashine huzimika katikati ya kazi. Hiyo imewekwa katika bajeti ya mwezi wa Rajabu, inshaallah.